Waliokula Senene wa Dafroza

Kabla sijasema lolote juu ya kile kiti, nimweleze kwanza Dafroza, maana mtu akisikia habari ya kiti bila kumjua mwenyewe atasema watoto wake walitenda wema. Mimi sitaki ionekane hivyo. Krismasi imepita na bado nina hasira nao.

Dafroza ana miaka sabini na mmoja. Anaishi hapa Nyabiyonza, na kibanja chake kimepakana na nyumba ya walimu ninayokaa. Mwaka wa tisa sasa siku yangu inaanza kwa sauti ya panga lake likikata majani makavu ya migomba. Akishayakata anayatandaza shinani, kisha anahamia kwenye kahawa. Kilima cha kwenda kigangoni anakipanda bila kusimama, wakati mimi niliye mdogo kwake kwa miaka thelathini nasimama mara mbili nikijifanya nafunga kamba za viatu. Ni mfupi, ana mikono mipana, na mdomo anao. Kuna fundi aliyemwezekea bati likavuja. Fundi huyo alipita njiani asubuhi moja akamwamkia, shikamoo mama, naye akamjibu kwamba shikamoo hiyo ataipokea siku mvua itakaponyesha na kitanda chake kikabaki kikavu. Fundi alirudi na ngazi siku hiyohiyo.

Huyo ndiye mtu aliyeletewa kiti cha magurudumu.

Sasa nieleze habari ya senene, wale panzi wanaoliwa, maana bila senene jambo hili halieleweki. Kwetu Muleba na huku Karagwe, zamani, mwanamke alikwenda rweya, kule kwenye nyasi nje ya vibanja, akachuma senene. Aliwanyofoa mabawa na miguu, akawakausha, akampelekea mumewe. Yeye mwenyewe hakula. Mume akishakula, alikuwa na jambo moja tu la kufanya, naye alilijua bila kukumbushwa: alimnunulia mkewe nguo mpya. Aliyekula senene wako anakuvisha. Wasichana wa siku hizi wanakula bila kuuliza, hata mimi nakula, tena sahani nzima. Lakini Dafroza alilelewa hivyo na mama yake, na katika maisha yake hakuwahi kuonja hata mmoja. Mwaka wa kwanza nilipohamia hapa nilimkaribisha kwenye sahani yangu. Aliisukuma kwa kidole, akaniuliza:

"Nikila mwenyewe, mwalimu, nani atanivisha?"

Mumewe, marehemu mzee Cleophace, alimvisha miaka arobaini na minne. Nguo zote hizo zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na Dafroza anazijua kwa mwaka, kama mimi ninavyowajua wanafunzi wangu kwa darasa. Kuna kitenge cha mwaka alipozaliwa Rwezaura. Kuna khanga ya mwaka wa ukame. Mwaka mnyauko ulipomaliza migomba karibu yote, mzee aliondoka kwa baiskeli kwenda Kayanga, akarudi jioni kwa miguu, kitenge kikiwa kwapani, na baiskeli haikuonekana tena. Hakueleza, na mkewe hakumuuliza. Nguo ya mwisho ni gomesi ya zambarau yenye maua ya njano, mabega yamechongoka, mkanda wake mpana. Aliileta Krismasi, na kabla ya Pasaka alikuwa amelazwa kibanjani pake, upande wa mikahawa.

Baada ya matanga, Dafroza aliwaita watoto wake watatu. Rwezaura, kifungua mimba, ana kazi ya ofisini Dodoma. Kemigisha anauza mapazia Mwanza. Edgar, kitinda mimba, anashughulika na kompyuta Arusha. Aliwaambia kwamba baba yao ameondoka lakini senene watakuja tu mvua za Novemba zikifika, na mikono yake bado ipo. Atawachumia wao. Na aliyekula atajua la kufanya. Wote walitikisa vichwa, na Kemigisha alilia kidogo. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa hapohapo nikigawa chai.

Krismasi ya kwanza makopo ya senene yalikwenda, yakaliwa, na Rwezaura akaja na maikrowevu. Nyumba ya Dafroza ina sola inayowasha taa mbili na kuchaji simu ikiwa jua limekubali. Mashine ile inahifadhi mbegu za maharage mpaka leo, na kwa haki ya Mungu panya hawajaweza kuifungua. Krismasi ya pili Kemigisha alileta mapazia mazito ya rangi ya maziwa, yenye vishada. Kitambaa kilikuwepo, tena kizuri, ila kilivishwa madirisha. Krismasi ya tatu Edgar alileta kipimo cha presha, kile cha kubana mkono, akamfunga mama yake mbele ya watu na kusoma namba kwa sauti kama anayetangaza matokeo ya mtihani. Namba zilikuwa nzuri kuliko za Rwezaura, wakapima mara ya pili wakidhani mashine imekosea.

Na msiniambie kwamba alinyamaza, wangejuaje. Alisema. Kila mwaka, wageni wakishapungua kidogo, alisema kwamba alitarajia kitu cha kuvaa. Walicheka. Walimwambia nguo anazo sanduku zima, tena hata hazivai. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Mtu anakula senene wa mama yake mpaka analamba chumvi kwenye kopo, halafu anamhesabia mama nguo alizonunuliwa na marehemu.

Mwaka huu senene walikuja kwa wingi, na pamoja nao likaja jambo jingine. Akina mama wa kigango walimchagua Dafroza aongoze maandamano ya vipaji, zile sadaka za kupeleka altareni, siku ya Krismasi. Yeye ndiye angetangulia mbele ya wote, na mkungu wa ndizi kichwani, mpaka altareni. Tangu nimfahamu sijamwona akifurahi vile. Lakini gomesi ya zambarau ilikuwa imechakaa mabegani, nami nilikuwa nimeishona mara mbili mahali palepale mpaka uzi ukakosa pa kushika. Mkungu wa ndizi unataka mikono iinuliwe, na mikono ikiinuliwa bega linaachia. Kwa hiyo aliniomba niwaandikie watoto waziwazi. Niliandika kwa simu yangu, maneno yake mwenyewe: mwaka huu naomba gomesi, rangi yoyote isiyo nyeusi, nimepewa kutangulia na vipaji.

Jumamosi moja alfajiri nilifuatana naye rweya. Siku hizi kwetu Muleba senene wanakamatwa kwa mataa makali na mabati, mtu anasimama tu wanaanguka kwenye pipa. Dafroza anachuma kwa namna ya zamani. Umande ukiwa bado mzito senene hawezi kuruka, lakini anaona, na kivuli cha mtu aliyesimama kinamshtua akateleza kwenye mizizi ya nyasi. Hivyo mchumaji hupiga magoti. Anatambaa, kifua karibu na ardhi, mikono miwili ikifanya kazi kulia na kushoto, na Dafroza ana kawaida ya kuwasemesha kwa Kinyambo chini kwa chini, akiwabembeleza watulie. Ilikuwa nzuri kuitazama. Nikatoa simu nikampiga video, dakika moja na kidogo, nikamtumia Edgar, naye akaiweka kwenye kundi lao la familia. Ile video niliipiga mimi. Sitajitoa lawamani.

Makopo matatu yalipelekwa Kayanga stendi, yakapakiwa kwenye mabasi. Majibu yalirudi mapema: senene wamefika, mama, asante, Mungu akuweke. Ya gomesi hakuna aliyeyajibu, isipokuwa Rwezaura aliyeandika kwamba mwaka huu wameungana wote watatu na wamemwandalia mama kitu kikubwa. Nilimsomea. Alinitaka nisome tena. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwaambia akina mama wenzake kwamba wanawe wanamvisha, tena wote watatu kwa pamoja, na kwamba hajui hiyo nguo itakuwaje. Wenzake walipiga vigelegele. Alipokuwa akishuka kilima nilimsikia akiimba.

Mkesha wa Krismasi, mchana, gari la Rwezaura liliingia uani. Walikuwa wote watatu. Nilikuwa nimekuja kumsaidia Dafroza kumenya ndizi, nikainuka kunawa mikono. Walisalimia vizuri, shikamoo mama, shikamoo mwalimu, ingawa Rwezaura na mimi tuko rika moja. Kemigisha alimfumba mama yake macho kwa viganja na kumsogeza katikati ya ua. Edgar alishika simu tayari kurekodi. Rwezaura alishusha boksi kubwa, akalipasua, akavuta kitu, akakikunjua, akakanyaga breki. Kemigisha akaondoa viganja.

Dafroza alikitazama kile kiti muda mrefu. Kilikuwa kipya, mahali pa kuegemeza mikono bado pamefungwa nailoni ya dukani. Kisha alitazama huku na huku uani, mpaka barazani, kama anayemtafuta mtu.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.

Edgar akasema kaa mama, kaa kwanza tukupige picha. Hakukaa. Ndipo Rwezaura akatoa maelezo yake, kwa sauti ile ya mikutano. Alisema waliiona video, na hakuna aliyeweza kula siku ile. Mama yao anatambaa nyasini kama mtoto mchanga, hawezi hata kusimama, na zaidi ya hapo anaguna kwa maumivu peke yake, hakuna wa kumwinua. Walifanya kikao kwenye simu. Walichanga. Daktari mmoja rafiki yake alimshauri juu ya aina ya kiti. Hawataki tena mama ateseke, kuanzia leo mama ni wa kukaa na kuhudumiwa.

 Nilifungua mdomo kueleza kwamba yale yalikuwa Kinyambo, si maumivu, lakini Dafroza aliinua mkono mmoja kunizuia.

"Mlikula senene?" aliwauliza.

Wakasema ndiyo. Kemigisha akaongeza kwamba wa mwaka huu walikuwa wanono.

"Mlidhani walijichuma?"

 Hawa ni watu waliobebwa mgongoni rweya ileile, kwenye umande uleule, na mwanamke huyuhuyu akiwa kwenye magoti yaleyale. Rwezaura, aliniambia Dafroza baadaye, alijifunza kutambaa kule, akimfuata nyuma. Wamekula jasho la mtu na kopo bado liko mkononi, halafu wanatazama picha ya jasho hilo wanasema mama kapooza. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini hawa waliijua, wameisahau tu kwa sababu mjini senene wanakuja wamefungwa tayari.

Nadhani hata hilo angelisamehe. Angewatukana jioni nzima, angewapikia, yangeisha. Lakini Rwezaura, akitaka kuokoa jambo, akasema mama asijali, kesho kanisani ameshapanga. Amempigia katekista simu tangu juzi, amemweleza hali, na wamekubaliana mkungu ubebwe na mtu mwingine. Mama atasukumwa hadi mbele kabisa, karibu na kwaya, apate kuona vizuri.

  Dafroza alitazama mikono yake, ikiwa bado na utomvu wa ndizi, akaifuta kwenye khanga kiunoni taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akaingia ndani. Kemigisha alibaki ameshika kiuno, ananiambia mimi, kana kwamba mimi ndiye msuluhishi, kwamba mama siku hizi hashukuru, kila unacholeta una kosa. Nilimjibu. Maneno niliyomjibu si ya mwalimu na sitayaandika hapa.

Jioni ile nilichukua gomesi ya zambarau nikaishona mabega kwa mara ya tatu. Uzi haukushika, nikamalizia kwa pini nne kwa ndani.

Asubuhi ya Krismasi Dafroza hakungoja gari. Nilimkuta barabarani tayari, mkungu kichwani, nguo ya marehemu mwilini. Tulipanda kilima, yeye mbele, mimi nyuma nikitazama pini zangu. Gari la Rwezaura lilitupita likiwa na kiti kwenye buti, likasimama, akaomba mama apande, akaomba walau aupakie mkungu. Hakugeuza shingo. Mlangoni katekista alipomwona alikuna kichwa, akaanza kueleza habari za simu. Dafroza alimuuliza kama simu hiyo ilimwambia pia nani amebeba mkungu kutoka Nyabiyonza mpaka pale. Katekista akasogea pembeni.

Alitangulia. Wakati wa vipaji alipita katikati ya kanisa akiwa amenyooka, na pini mbili za bega la kushoto ziliachia kabla hajafika altareni. Kitambaa kilifunguka, ngozi ikaonekana. Aliuweka mkungu chini, akapiga goti, akarudi mahali pake vilevile, bega hakulifunika. Wale akina mama waliopiga vigelegele wiki chache nyuma walitazama bega, halafu wakatazama benchi walilokaa wanawe watatu na nguo zao mpya. Nilifurahi walivyotazamwa. Sioni aibu kusema hivyo.

Nyumbani baada ya misa tulikula ndizi na nyama. Kisha ikaja zamu ya kahawa, na kila mtu pale alijua kahawa ya Krismasi kwa Dafroza inakuja na nini. Kopo la nne, kubwa kuliko yote, huwa anawawekea watoto kwa ajili ya siku hiyo. Edgar alikwisha kunawa mikono. Dafroza alitoka nalo ndani, amelikumbatia, bega bado liko wazi. Kiti kilikuwa barazani, kimeegeshwa ukutani. Alikivuta mwenyewe mpaka katikati, akakaa.

"Mlisema nikae," alisema. "Nimekaa."

Edgar aliinua simu apige picha, Kemigisha akamshusha mkono. Dafroza alifungua kopo mapajani pake. Rwezaura, kwa mazoea, akanyoosha kiganja kama alivyofanya kila Krismasi tangu alipokuwa na meno. Mama yake alichukua senene mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza akimtazama, kisha akamtia kinywani mwake.

Nilishika kikombe changu kwa mikono yote miwili. Alitafuna polepole. Akameza. Akachukua wa pili, halafu wa tatu, safari hii bila kumtazama. Rwezaura bado alikuwa amenyoosha kiganja, na sura yake ilianza kubadilika, maana yeye ni kifungua mimba na mila anaijua kuliko wenzake. Alielewa kinachofanyika pale. Mama akila mwenyewe, hakuna tena wa kumvisha, wala anayengojewa amvishe.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nitakwenda Kayanga kesho asubuhi. Nitaleta gomesi."

 Dafroza alikuwa bado anatafuna, na nilipomtazama niliona macho yake yamejaa machozi, lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa kavu.

"Kumbe ni watamu," alisema. "Miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia."